Pleya Haina Kosa, Vurugu Iko kwenye Mafaili

Sura za Kurani ni 114, na mpangilio wake anaujua hata mtoto wa chuoni. Lakini zikiingizwa zote kwenye memori kadi, kadi ikachomekwa kwenye moja ya zile redio ndogo za Kichina zilizojaa madukani kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, al-Fatiha huweza kufuatwa na Yasin, kisha an-Nas, ndipo ije al-Baqara. Mwenye redio huilaumu redio. Muuzaji humlaumu fundi aliyeingiza. Jirani, ambaye hakuulizwa, hukata shauri kwamba kadi ina virusi.

Redio ile haina ubaya wowote. Memori kadi nyingi za vifaa hivi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT, na ndani ya mfumo huo kila folda ina orodha ya mafaili yake. Pleya za bei ya chini hazijui alfabeti wala namba. Huisoma orodha kuanzia juu kwenda chini, basi. Kinachoamua wimbo upi utangulie si jina lake, ni zamu yake ya kunakiliwa. Tena wimbo ukifutwa, nafasi yake katika orodha hubaki wazi, na wimbo utakaoingizwa baadaye huweza kukaa papo hapo. Ndiyo maana wimbo ulioingizwa leo hujitokeza katikati ya nyimbo za mwaka jana, na mwenyewe akabaki ameduwaa.

Dawa yake ni nyepesi, ingawa inachosha. Kadi hufomatiwa, kisha mafaili hunakiliwa kwa zamu, la kwanza likitangulia. Kuyakokota yote kwa mkupuo si salama, kwa sababu mara nyingi kompyuta huanza na lile faili lililoshikwa na kipanya. Asiye na subira hiyo hutumia programu ya bure: DriveSort kwenye Windows, au FATSort kwa wanaotumia Linux. Hizo huipanga upya orodha yenyewe bila kuugusa muziki. Na majina ya mafaili yaanze na namba zenye sifuri: 001, 002, hadi 114. Zisipokuwapo sifuri hizo, programu inayofuata alfabeti huweka 1, halafu 10, halafu 100, na 2 ikaja baada ya msururu mrefu.

Suala hili la mpangilio limetangulizwa kwa makusudi, kwa kuwa matatizo mengi ya pleya za muziki huanzia hapo hapo. Mnunuzi hutazama gigabaiti na bei. Akifika nyumbani hutia ndani nyimbo zilizookotwa huku na huko, zenye majina mabovu, sauti zisizolingana na ubora wa kubahatisha, akategemea kifaa kinyooshe yote hayo. Hakinyooshi. Pleya ya elfu ishirini iliyopewa mafaili yaliyoandaliwa vizuri humfaa msikilizaji kuliko ya laki tano iliyojazwa takataka.

Vifaa vyenyewe havina umri mkubwa. MPMan ya kampuni ya SaeHan ya Korea Kusini ilitoka mwaka 1998 ikiwa na megabaiti 32, na mwaka huo huo Diamond Multimedia ya Marekani ikaleta Rio PMP300 yenye nafasi kama hiyo, yaani muziki wa nusu saa hivi. Chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani, RIAA, kiliifikisha Rio mahakamani kikitaka izuiwe, kikashindwa katika rufaa mwaka 1999, na mlango ukawa wazi kwa kila mtengenezaji. Oktoba 23, 2001 Steve Jobs akaonyesha iPod ya gigabaiti 5. Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba haitengenezi tena iPod. Katikati ya miaka hiyo nafasi ilipanuka kupita kiasi: kadi ya kawaida ya gigabaiti 64 ni sawa na Rio elfu mbili.

Kwa hiyo hakuna tena sababu ya kuzibana nyimbo mpaka zikose pumzi. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde ya muziki. MP3 ya kilobiti 128 imebakiza kama sehemu moja ya kumi na moja tu. Ustadi wa MP3, ambayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ni kutupa zile sauti ambazo sikio la binadamu lisingezisikia kwa urahisi, kama vile mlio mdogo uliofunikwa na mkubwa. Kilichotupwa hakirudi. Hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapochezewa: sauti iliyokamuliwa kutoka kwenye video, au faili la kilobiti 128, hupitishwa kwenye programu ya kugeuza na kutoka na lebo ya 320. Limenenepa tu; halikupata hata noti moja ya ziada.

Ujanja huo hunaswa kwa dakika moja. Programu ya bure iitwayo Spek huuchora wimbo kwa rangi, masafa ya chini yakiwa chini na ya juu yakiwa juu. Wimbo uliobanwa kwa kilobiti 128 mara nyingi huonekana umekatika ghafla kwenye kilohezi 16 hivi, juu yake pakiwa peusi patupu, hata kama jina la faili linajigamba vipi. Anayetoa nyimbo kwenye CD zake mwenyewe afanye hivi: ahifadhi nakala moja ya FLAC nyumbani, kwani fomati hiyo hubana bila kutupa chochote, na kutoka humo atengeneze MP3 za kubeba. Zikitengenezwa kwa programu ya LAME na kiwango kinachobadilika chenye wastani wa kilobiti 190 au zaidi, watu wengi hawataweza kuzitofautisha na CD, hasa wakiwa ndani ya daladala. Mawaidha, hotuba na visomo havihitaji hata hiyo. Kilobiti 64 kwa chaneli moja zinatosha kabisa, na kisomo cha saa mbili hakifiki megabaiti 60.

Kero kubwa zaidi ya ubora, kwa kweli, ni kutolingana kwa sauti. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wa miaka ya 1970 unapigwa, msikilizaji kaongeza sauti ili asikie magitaa vizuri, mara unaingia wimbo wa Bongo Fleva wa mwaka huu na mkono unakimbilia kitufe. Tofauti hiyo haikuletwa na pleya. Mafundi wa studio wa siku hizi huinua sehemu za chini za wimbo zikaribiane na za juu ili wimbo mzima usikike kwa kishindo redioni na kwenye simu. Si Afrika Mashariki peke yake. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic, ililalamikiwa na mashabiki wake wenyewe kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza utaratibu uitwao ReplayGain. Programu hupima ukubwa wa sauti ya wimbo jinsi sikio linavyousikia, halafu huandika ndani ya faili kwamba wimbo huu upunguzwe kiasi fulani, au uongezwe. Kasoro yake ni moja: pleya lazima ielewe maandishi hayo, na redio ya memori kadi haielewi. Kwa wenye redio hizo ipo programu ya MP3Gain. Kila kipande kidogo cha MP3 kina namba inayoiambia pleya kipigwe kwa nguvu kiasi gani; MP3Gain huibadilisha namba hiyo kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuubana wimbo upya na bila kuuharibu. Akighairi, mwenyewe huweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Kwa kuwa mabadiliko yamo ndani ya wimbo wenyewe, hata kiredio cha bei ya chini kuliko vyote hutii. Kama kuna programu moja ambayo kila kibanda cha kuingizia nyimbo kingepaswa kuwa nayo, ni hii.

Halafu kuna lebo: jina la wimbo, la msanii, la albamu, zilizofichwa ndani ya faili. Mtindo wa kwanza, ID3 ya mwaka 1996, ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na herufi 30 kwa jina la wimbo. Wenye pleya za zamani wanakumbuka majina yaliyokatika katikati ya neno. Mtindo wa pili uliondoa kikwazo hicho, lakini haukuondoa uzembe wa binadamu. Diamond Platnumz ameimba na Davido, na Ne-Yo, na Rick Ross. Ikiwa kila aliyeandika lebo ameyaunganisha majina yao kwa namna yake, pleya itahesabu wasanii kadhaa tofauti, na nyimbo za mtu mmoja zitatawanyika katika orodha. Bendi ya Franco huandikwa OK Jazz, TPOK Jazz na T.P. O.K. Jazz, na kwa pleya hizo ni bendi tatu. Mbaya zaidi ni tovuti za kupakulia nyimbo zinazofuta jina la msanii na kuweka anwani yao.

Programu ya Mp3tag hurekebisha lebo za mamia ya mafaili kwa mkupuo, na huweza hata kulichukua jina la faili likageuka kuwa lebo. Kanuni moja inatosha kuokoa muda: msanii mkuu abaki peke yake kwenye nafasi ya msanii, na aliyeshirikishwa aandikwe mwishoni mwa jina la wimbo. Ipo pia Picard ya MusicBrainz, inayoutambua wimbo kwa alama za sauti yake, lakini huutambua ule tu ambao kuna mtu aliyewahi kuusajili. Nyimbo nyingine za zamani zitahitaji mkono na kumbukumbu za wazee. Picha ya jalada isizidi pikseli 500 kila upande, maana picha kubwa huchelewesha kifaa kidogo bila faida.

Wenye iPod za zamani wana sababu yao ya pekee ya kujali lebo. Kifaa hicho huzificha nyimbo ndani ya folda zilizopewa namba na kuzibatiza majina ya herufi nne yasiyo na maana. Kompyuta ikiharibika na nyimbo zikabaki kwenye iPod pekee, zitatolewa zikiwa na majina hayo, na lebo ndiyo pekee itakayosema nani kaimba nini. Na iPod iliyozoea kompyuta moja ikichomekwa kwenye nyingine, iTunes, programu ya Apple ya kuingizia nyimbo, huuliza kama ifute kila kitu na kuanza upya. Wapo waliobofya ndiyo kwa haraka.

Kwa wenye iPod Classic, Sansa Clip+ na pleya nyingine kadhaa, kuna njia ya kuepuka hayo yote: Rockbox. Hii ni programu endeshi ya bure iliyoanza mwishoni mwa 2001, pale Björn Stenberg na wenzake wa Sweden walipochoshwa na programu iliyokuja na pleya ya Archos wakaamua kuandika yao. Ikishawekwa, nyimbo hunakiliwa kwenye folda za kawaida bila iTunes, na pleya huzipanga yenyewe kwa majina. Inaelewa ReplayGain. Inacheza fomati za FLAC na Opus hata kwenye vifaa ambavyo mtengenezaji hakuviwezesha. Hukumbuka mahali msikilizaji alipoishia, jambo kubwa kwa mwenye kisomo cha saa mbili. Pia huweza kuisoma menyu kwa sauti, na kwa ajili hiyo imependwa na wasioona kuliko pleya nyingi za dukani. Muonekano wake si wa kuvutia na mipangilio yake imerundikana, lakini hakuna kitu kingine kinachoongeza thamani ya pleya kuukuu kiasi hicho. Zile redio za memori kadi, kwa bahati mbaya, hazimo. Programu yao imefungiwa ndani ya chipu.

Kadi nayo ikaguliwe siku ya kununuliwa. Kadi halali ya gigabaiti 64 huonyesha kama 59.6 kwenye Windows, kwa sababu ya namna ya kuhesabu, wala hakuna aliyeibiwa. Wizi uko kwenye kadi bandia: chipu ni ya gigabaiti 8 iliyodanganywa ijitangaze kuwa 64. Hupokea nyimbo zote bila kunung'unika, kisha zinazozidi uwezo wake hazipigi au hupiga mikwaruzo. H2testw, programu ya bure ya jarida la Kijerumani la c't, hujaza kadi yote kwa data na kuisoma tena, ikasema ukweli. Pleya za zamani zina kikwazo kingine: kadi za kuanzia gigabaiti 64 hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, ambao pleya hizo hazijui kuusoma. Kadi hiyo ikifomatiwa kwa FAT32, nyingi kati ya hizo huikubali.

Yote yakishanyooka, limebaki sikio. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa usalama saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Hedifoni zenye mipira inayoziba vizuri humwezesha mtu kupunguza sauti hata ndani ya basi, na ndizo zinazostahili fedha kabla ya pleya ya bei kubwa. Rockbox, kama zilivyo simu nyingi, ina kipimo cha kuzuia sauti isivuke kiwango fulani. Mzazi anayemkabidhi mtoto pleya akiweke kwanza kipimo hicho, kabla ya kuingiza wimbo hata mmoja.