Mto wa Dandora na Samaki wa Malindi

Jumamosi moja mtaani Kariobangi niliwauliza wanafunzi watatu wa shule ya upili maji ya Mto Nairobi huishia wapi. Wa kwanza alijibu Ruai. Wa pili, Thika. Wa tatu alicheka tu, kana kwamba maji meusi kiasi kile hayawezi kuwa na safari.

Lawama si zao. Mto huo hubadili majina njiani. Unapopita Gikomba, Korogocho na Dandora huitwa Nairobi. Ukishaungana na Athi huchukua jina hilo. Baada ya kupokea maji ya Tsavo huwa Galana. Na ukaribiapo pwani huitwa Sabaki, kisha ukamwagika katika Bahari Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Sisi wanaisimu hufurahia mambo haya (Kioromo kina neno galaana, maana yake bahari), lakini mwalimu asipoyaunganisha majina hayo, mwanafunzi hubaki na mito minne isiyojuana.

Kinachosafiri humo si uchafu tu, bali kaboni. Maganda na mboga zilizooza katika jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, majitaka ya mabomba yaliyopasuka, na udongo wa mashamba ya Ukambani, vyote vina kaboni. Bakteria huvila njiani wakimaliza oksijeni ya maji na kutoa kaboni dayoksaidi. Kisicholiwa hufika baharini pamoja na matope.

Hapo ndipo somo linaponoga. Bahari ya kina kifupi iliyopakana na nchi kavu ni ghala la chakula. Rutuba ya mto hustawisha vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufyonza kaboni dayoksaidi kwa nuru ya jua. Vijimea huliwa na vidudu vya majini, navyo huliwa na dagaa, na dagaa na samaki wakubwa. Mabaki huzama, na sehemu yake huzikwa topeni kwa karne nyingi. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hufaidi neema hii ya Sabaki na Tana. Ila tope likizidi huziba nuru hiyo hiyo. Pepo za kaskazi huyasukuma maji mekundu kusini, hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968.

Hata Aktiki, Mto Lena wa Urusi humwaga katika bahari ya kina kifupi kaboni ya udongo uliokuwa umeganda, na wataalamu wangali wanajiuliza ni kiasi gani kitazikwa na kiasi gani kitarudi hewani. Wanakijiji wa Gazi, Kwale, hawakungoja jibu. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanahifadhi hekta 117 za mikoko ambayo hufungia kaboni topeni, na mapato yake yamenunua vitabu vya shule.

Kwa nini basi darasa la Dandora lifundishwe bahari kwa picha, ilhali mto uko hatua chache tu?

Yule aliyecheka alinifuata hadi kituo cha matatu. “Kwa hivyo, Mwalimu, choo chetu kinafika Malindi?”

Nilimjibu kwamba sehemu yake hufika.