Kirikuu tatu, magunia sita: nani anapata?

MSIMU wa mavuno ya mpunga ukifika Kyela, kila mwenye gari hukimbilia mzigo. Lakini wingi wa magari hauna maana kwamba kila dereva anarudi nyumbani na faida.

Chukua mfano wa kirikuu tatu zinazobeba mpunga kutoka Ikolo kwenda Kyela mjini. Tuseme nauli ni sh 5,000 kwa gunia, mafuta ya safari ni sh 12,000 na mzigo wa siku ni magunia sita. Madereva wakigombania, kila mmoja anaambulia magunia mawili. Anapata sh 10,000, hasara sh 2,000. Kwa siku tatu, kila mmoja amepoteza sh 6,000.

Wakipeana zamu, gari moja linabeba yote sita. Dereva anapata sh 30,000, akitoa mafuta anabaki na sh 18,000. Anasafiri mara moja kwa siku tatu, lakini kwa faida.

Hapo ndipo mkulima anapotakiwa kuwa macho. Kupanga zamu ni jambo moja, kupanga bei ni jingine. Madereva hao wakikubaliana kutoza sh 7,000, magunia yale yale sita yanamgharimu mkulima sh 12,000 zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa pamoja.

Dawa ya mkulima ni umoja pia. Wenye magunia sita wakikodi gari zima kwa sh 24,000, kila gunia linasafiri kwa sh 4,000, na dereva bado anabaki na sh 12,000. Wakulima wa kakao wa Kyela wanaijua faida hiyo, kwani huuza kwa mnada kupitia vyama vyao vya ushirika.

Jijini Dar es Salaam mvutano ulikuwa juu ya mgawo. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi za mtandao hukata kwa madereva. Uber ikasimamisha huduma Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25.

Mgawo ukimbana mmoja mno, safari haipo. Kabla ya mavuno, wakulima na madereva wakae chini wapige hesabu pamoja.