Kadi za sauti: bei imeshuka, wanunuzi ni wachache lakini wapo

Miongoni mwa vifaa vya kompyuta vinavyouzwa kwa faida ndogo ndogo, kadi ya sauti ni bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi wamekwisha kuisahau. Sababu inaeleweka. Kompyuta za mezani za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa na sauti ndani ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, na mteja haoni kwa nini atoe fedha kununua kitu alichokwisha kupewa. Hata hivyo mnunuzi wa kadi hajatoweka, amebadilika tu. Mwenye duka asiyemfahamu mnunuzi huyo mpya ataagiza mzigo usiofaa, na mzigo huo utamlalia.

Bidhaa hii ilipoanza ilikuwa na thamani kubwa. Kompyuta ya IBM iliyoingia sokoni 1981, pamoja na nyingine nyingi zilizoiga muundo wake, ilikuwa na spika moja ndogo ya kutoa milio tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, nchini Canada, ikatoa kadi yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kupiga muziki. Miaka miwili baadaye kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo mwaka 1981, ikaleta Sound Blaster. Chipu ya muziki ilikuwa ile ile ya Yamaha, kwa hiyo michezo yote iliyoandikwa kwa ajili ya AdLib ilikubali. Lakini Creative iliongeza mambo mawili: kurekodi na kutoa sauti ya mtu, na tundu la kuchomekea usukani wa michezo. Hilo la pili ndilo lililokuwa la kibiashara zaidi, kwani mnunuzi aliokoa gharama ya kununua kadi nyingine ya usukani. AdLib ilifilisika 1992, mwaka ambao Creative ilikuwa kampuni ya kwanza ya Singapore kuuza hisa zake katika soko la Nasdaq la Marekani.

Wenye hisa waliodhani kwamba kila kampuni ya sauti itafuata njia hiyo walipata hasara. Media Vision ya California iliingia katika soko la hisa mwaka huo huo wa 1992 ikiwa na kadi nzuri kabisa. Ikabainika kwamba mauzo yake yalikuwa yamekuzwa vitabuni, na 1994 ikafilisika. Kutokana na mabaki yake ikaundwa Aureal. Kampuni hiyo ilishtakiwa na Creative kwa madai ya hataza, ikashinda kesi mwaka 1999, lakini gharama za mawakili zilikuwa zimekwisha kuimaliza. Ilifilisika mwaka 2000, na aliyenunua mali zake alikuwa ni Creative yule yule.

Pigo lenyewe halikutoka kwa mshindani. Mwaka 1997 Intel ilitoa utaratibu ulioitwa AC'97, ambao uliwawezesha watengenezaji wa ubao mkuu kubandika chipu ndogo ya bei rahisi na kuiachia kompyuta yenyewe kazi kubwa ya sauti. Mwaka 2004 ukafuata utaratibu ulio bora zaidi. Realtek ya Taiwan, wale wenye alama ya kaa, wakauza chipu hizo kwa wingi mno. Kisha Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, ikaziba njia ambayo michezo iliitumia kuifikia kadi moja kwa moja. Mwaka huo huo Creative iliondoa kwa hiari hisa zake Nasdaq na kubaki katika soko la Singapore. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imelipwa na Apple dola milioni 100 katika mgogoro wa hataza ya vichezeshi vya muziki, fedha nyingi kwa kampuni ambayo bidhaa yake kuu ilikuwa inatolewa bure na wengine.

Sasa tuje kwa mnunuzi wa leo. Wa kwanza ni yule anayesikia mvumo au milio midogo kila anapoisogeza mausi. Ndani ya kasha la kompyuta mna feni, kadi ya picha na nyaya nyingi, na umeme wake huingia katika njia nyembamba ya sauti. Kabla hajatoa senti, achomeke hedifoni katika tundu la nyuma badala ya lile la mbele, maana waya wa tundu la mbele hupita katikati ya kasha zima na kukusanya kelele njiani. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Muuzaji atakayemweleza mteja jambo hili atapoteza mauzo ya siku hiyo, lakini mteja huyo atarudi kununua kingine.

Wa pili ni mwenye kompyuta iliyounganishwa na amplifaya, kama walivyo wapiga muziki wa sherehe na studio ndogo. Mvumo wao mara nyingi hutokana na vifaa viwili kuchukua umeme katika soketi mbalimbali, na kadi mpya ya ndani haitauondoa. Kwa mwenye kompyuta ya mapajani kipimo ni rahisi: achomoe chaja. Mvumo ukikoma, ugonjwa uko katika umeme.

Wa tatu, na kwa maoni yetu ndiye bora kwa biashara, ni mtu ambaye tundu lake la sauti limevunjika au kuungua. Huyu hataki ubora wowote wa ajabu, anataka kompyuta isikike. Kwake kijiti cha USB kinatosha. Vingi vya vijiti hivyo vya bei ya chini hutumia chipu za C-Media za Taiwan, na vinakubali katika Windows na Linux bila kuhitaji draiva. Maandishi ya "7.1" yaliyopo juu ya pakiti yasimpumbaze mtu: kijiti chenye tundu moja la hedifoni na jingine la maikrofoni hakiwezi kuendesha spika nane. Hizo nyingine hubuniwa na programu.

Anayetaka sauti safi kwa fedha kidogo ana njia ambayo wengi hawaitazamii. Kiunganishi cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni kiliuzwa dola 9 kilipotoka mwaka 2018, na ndani yake mna kadi kamili ya sauti yenye usafi unaozidi kadi nyingi za zamani zilizouzwa ghali. Mwagizaji azingatie jambo moja: toleo la Ulaya hutoa nguvu ndogo kuliko la Marekani, kwa hiyo wanaosikiliza kwa hedifoni nzito watalalamika. Hedifoni za studio za ohmu 250 hazifai kabisa kwa vifaa vidogo hivi. Hizo zinadai kadi yenye amplifaya yake.

Kuhusu zile namba kubwa za biti 24 na hezi 192,000, zisiwe sababu ya kupandisha bei. Diski ya muziki ni biti 16 na hezi 44,100, na hizo zinatosha kwa sikio lisilosikia zaidi ya hezi 20,000. Aidha, mwenye spika za plastiki zilizokuja na kompyuta aweke fedha zake katika spika kwanza.

Kwa upande wa mzigo, tahadhari kubwa ni kadi za zamani za PCI zinazotolewa kwa bei ya kutupa. Kompyuta mpya hazina tena nafasi ya kuzichomeka, zinataka PCI Express, na nyingi ya kadi hizo hazina draiva za Windows 11. Hali kadhalika kompyuta nyembamba za ofisi zilizokwisha tumika hupokea kadi fupi tu. Kabla ya kulipa, fungua boksi moja uone kama kibati kifupi cha kufungia kadi kimo ndani, maana kadi isiyo nacho haitakaa ndani ya kasha hilo.