Makundi Yenye Majina katika Ruwaza za Matini: Uchomoaji wa Viambishi vya Kitenzi cha Kiswahili

Kitenzi cha Kiswahili hubeba taarifa nyingi katika neno moja. Katika *tulisoma*, *tu-* huonyesha nafsi, *-li-* njeo, na *-soma* ni shina. Mtafiti anayehesabu njeo katika kongoo hana budi kuvitenga viambishi hivyo, na maktaba ya Python iitwayo `re` hutoa njia nyepesi: ruwaza ambayo kila kipande kinachonaswa hupewa jina.

`(?P<nafsi>ni|u|a|tu|m|wa)(?P<njeo>na|li|ta|me)(?P<shina>\w+)`

Ruwaza hiyo ikilinganishwa na neno zima kwa `fullmatch`, `group('njeo')` hurejesha *li*. Vipande hivyo vina nambari pia, 1 hadi 3, na wengi huridhika nazo. Tatizo huzuka ruwaza inapopanuliwa. Ili kupokea *hawatasoma*, kundi `(?P<kanushi>ha)?` huongezwa mwanzoni. Papo hapo nafsi huwa ya 2 na njeo ya 3. Programu iliyotegemea nambari haisimami wala hailalamiki: safu ya njeo hujazwa nafsi, na takwimu huchapishwa. Jina halihami. Pale ambapo neno halina ukanushi, kundi hilo hurejesha `None`, si matini tupu, nayo tofauti hiyo izingatiwe kabla ya kuhesabu.

Hata hivyo, jina ni dai la mwandishi wa ruwaza tu, halithibitishi sarufi. *Walimu* hugawanywa kuwa *wa-li-mu* na kuhesabiwa katika wakati uliopita. *Wanafunzi* na *wanachama* hugeuka vitenzi vya wakati uliopo. Kudai shina liishie kwa *-a* hakutoshi, kwani *wanachama* hubaki, ilhali *wanarudi* na *wanasafiri*, vitenzi halali vyenye asili ya Kiarabu, hutupwa. Katika nyaraka za sera ya elimu, ambamo walimu na wanafunzi hutajwa takriban kila aya, kosa hili si dogo. Linalofaa ni kuweka orodha ya mashina kutoka katika kamusi mahali pa `\w+`, ijapokuwa kazi huongezeka.

Asiye na orodha hiyo hukabiliwa na upungufu mwingine, usioonekana kwa urahisi: `\w` haijumuishi ritifaa, hivyo *anang'oa* halinaswi kabisa. Ruwaza ya shina inapaswa kuwa `[\w'’]+`, kwa kuwa matini zilizochapwa hutumia ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, mara nyingine ndani ya waraka mmoja.