Kipimo kilisema sina HIV, mbona niliendelea kupima?

Mara ya tano nilipoketi kwenye kile kiti cha plastiki, sista hakukimbilia kuvaa glavu. Aliniangalia tu, akauliza: "Kijana, jibu la leo likikuja sawa na yale mengine, utaliamini?"

Nilikosa la kusema.

Stori ilianza Februari. Tulikuwa kwa bash ya rafiki Westlands, usiku ukawa mrefu, kondomu ikapasuka. Nilijua kuna PEP, zile dawa za kuzuia HIV baada ya hatari kama hiyo. Sharti uzianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora, kisha unazimeza siku 28. Lakini niliona aibu kwenda kuulizwa maswali. Saa 72 zikaisha nikiwa kitandani Kawangware, nasoma dalili kwa simu.

Wiki ya pili nikapanda mathree ya 46 hadi tao, nikapima. Sina. Hapo nilikuwa na haki ya kushuku. Vipimo vingi vya kutoboa kidole havitafuti virusi vyenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupigana navyo. Askari hao huchukua muda kujitokeza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu wengi huwa nao ndani ya siku 28, ila wengine huchelewa, ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu. Washauri nasaha huuita muda huo kipindi cha dirisha. Kuna kipimo cha maabara cha damu ya mshipa ambacho hutafuta pia kipande cha virusi, na hicho hutoa jibu la kutegemewa baada ya siku 45.

Wiki ya sita nikapima tena. Sina. Siku ya 95, Kangemi, nikapima tena. Sina. Mambo yalifaa kuishia hapo, maze.

Hayakuishia. Mwezi uliofuata nikanunua kifaa cha kujipima kwa duka la dawa. Kenya ilivizindua vifaa hivyo mwaka 2017 kwa watu kama mimi wanaoogopa foleni. Nikajifungia chumbani, nikasubiri dakika zote zilizoandikwa, nikaona mstari mmoja. Badala ya kufurahi, nikakimulika na tochi ya simu kutafuta kivuli cha mstari wa pili.

Usiku nilikuwa nafinya tezi za shingo hadi zinauma, kisha nachukulia maumivu kuwa ushahidi. Jasho, kikohozi, upele wa kinyozi, kila kitu kilikuwa HIV. Na kulikuwa na msichana wa Uthiru tuliyeanza kuelewana. Nikaacha kupokea simu zake. Nilijiambia namkinga.

Basi nikarudi kwa kiti kile, mara ya tano, na swali la sista.

Alinieleza polepole. Ule mstari wa kwanza huthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipoonekana, jibu linatupwa na unapimwa upya. Mstari wa pili ndio huonyesha kingamwili. Mtu akipatikana nao, hupimwa tena kwa vipimo tofauti kabla ya kuambiwa ana HIV. Lakini usipokuwepo, dirisha limefungwa na hujajiweka kwenye hatari nyingine, hakuna cha kuthibitisha tena. Nayo dalili haziamui chochote: homa ni homa, stress pia hutoa jasho.

"Damu yako ilishajibu," akasema. "Unayemuuliza sasa si kipimo. Unataka kipimo kikusamehe."

Hapo ndipo niliposhikwa. Kumbe nilikuwa nimejihukumu tangu ile Februari, na kila jibu jema nililiona kama makosa ya karani wa korti. Kila nikipima nilipata amani ya siku mbili, kisha hofu ikarudi ikiwa na njaa zaidi. Kipimo cha tano kingeilisha tu.

Hakunitoboa kidole siku hiyo. Aliniambia niandike tarehe mbili, ya tukio na ya kipimo cha siku ya 95, nizisome hofu ikija badala ya kufungua simu usiku. Niache kufinya shingo. Na ikinizidi, nitafute mshauri wa kuzungumza naye, kwa sababu hofu nayo hutibiwa.

Kama wewe pia umekwama, hesabu siku zako. Kama ulimeza PEP au PrEP, mwambie anayekupima, maana ratiba hubadilika. Kumbuka pia kwamba kipimo cha HIV hakisemi lolote kuhusu kaswende, kisonono au homa ya ini aina ya B. Hivyo vina vipimo vyake. Na kondomu ikipasuka leo, usifanye kama mimi. Toka kitandani uende.

Nilimpigia yule msichana wiki iliyofuata, nikamwambia yote. Alisikiza hadi mwisho, kisha akauliza mbona nilimwamulia peke yangu. Sikuwa na jibu zuri. Jumamosi tunaenda kupima pamoja, na nimemwahidi kwamba tutakachoambiwa, nitakiamini.