Udadisi pekee hautoshi

Anayetafuta maana ya neno la Kiingereza curiosity kwa kawaida huambiwa ni udadisi. Jibu hilo si kosa, ila limefupishwa mno, na kitenzi chenyewe kinatuonyesha sababu. Kudadisi ni kuuliza swali juu ya swali. Mtu akisema "alinidadisi", tunaelewa kwamba alibanwa kwa maswali. Udadisi, basi, umekaa mdomoni. Curiosity huanzia moyoni. Mtoto mchanga anayekigeuzageuza kijiko na kukikodolea macho anayo tele, na hajauliza kitu. Hali yake sisi huiita hamu ya kujua, au shauku. Kiingereza kimelirithi neno hili kutoka Kilatini, ambako cura ni uangalizi, kulijali jambo. Curiosus alikuwa mtu makini, na pia mtu wa kujishughulisha na yasiyomhusu. Sura zote mbili zingali hai. Shirika la NASA lilikiita Curiosity chombo chake kilichotua Mirihi Agosti 2012, na Waingereza wana methali isemayo kwamba curiosity hiyohiyo ilimuua paka. (Paka huyo ana historia: katika tamthilia ya Ben Jonson ya mwaka 1598, kinachomuua ni wasiwasi. Lawama ya kutaka kujua ilikuja baadaye sana.)

Kiswahili kimezigawa sura hizo. Anayechokonoa siri za jirani ni mdaku au mpekuzi, anayetafuta ukweli kwa utaratibu ni mchunguzi, na kitu cha kushangaza, ambacho Waingereza hukiita pia curiosity, kwetu ni kioja. Wapo watakaosema udadisi umeshapanuka, na waandishi wa sayansi wanautumia kwa sifa. Ni kweli, na ninaufurahia upanuzi huo. Lakini nyumbani "acha udadisi" bado ni karipio, kwa hiyo mtoto anayesifiwa darasani kwa neno analogombezwa nalo jikoni anastahili kuelezwa tofauti. Tena, mara nyingi nomino haihitajiki kabisa. Mwingereza akiulizwa kwa nini ameuliza, hujibu kwamba ni curiosity tu. Mfasiri akiandika "ni udadisi tu", amemfanya mtu ajitie hatiani bila kosa. Mswahili hapo husema, "Nilitaka kujua tu."