Singeli ya Sisso na Maiko: Tatizo si kasi, ni spika

Mwanao akifungulia singeli kwenye simu ukamwambia azime hizo kelele, huenda kinachokukera ni kasi. Muziki mwingi wa madisko huenda kwa mapigo 120 hivi kwa dakika. Singeli hupita 200.

Kabla ya kuhukumu, wasikilize Sisso na Maiko. Wametokea studio ya Sisso, Mburahati jijini Dar es Salaam, na mwaka 2024 walitoa albamu ya pamoja, Singeli ya Maajabu, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisso ni fundi wa midundo, Maiko ni mtu wa kinanda. Usifuate ngoma peke yake, fuata kinanda: kinaingia, kinakatwa, kinarudi kivingine. Ni kama watu wawili wanaotaniana barazani, hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuzoea.

Kasi hiyo haiumizi sikio. Kinachoumiza ni ukubwa wa sauti na muda unaokaa nayo. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti, na zikifa haziote tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Kwa mtu mzima, sauti ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa nne tu kwa wiki.

Sasa fikiria kigodoro cha mtaani. Spika zimepangwa uwanjani, na watoto wamejazana mbele yake hadi usiku wa manane, maana pale ndipo mdundo unagonga hadi kifuani.

Singeli usimkataze. Msogeze mbali na spika na umtoe nje ya kelele mara kwa mara. Kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu yako akusikie, sauti imezidi. Asubuhi akisema masikio yanavuma, au akawa anakuomba urudie maneno, na hali hiyo ikaendelea hadi kesho yake, mpeleke hospitali.

Na pamba zile tunazochomeka masikioni? Hazizuii sauti ya kutosha. Tafuta vizibo maalumu vya masikio.